Klabu ndogo za raga hazikugombania mshahara

Tarehe 27 Machi 2025 klabu wanachama wa RFU, chama kinachosimamia raga nchini Uingereza, zilipiga kura kuamua kama bado zina imani na mkurugenzi mtendaji wao, Bill Sweeney. Kura 466 zilimbakiza kazini, 206 zilimkataa, na 36 hazikuegemea upande wowote. Habari zilizosambaa zilihusu mshahara. Katika mwaka wa fedha wa 2023-24 Sweeney alipokea jumla ya pauni milioni 1.1, ikiwemo bonasi ya pauni 358,000, huku chama chenyewe kikitangaza hasara ya uendeshaji ya pauni milioni 37.9 na wafanyakazi 42 wakipoteza ajira. Kwa yeyote aliyezoea siasa za vyama vya michezo, awe Nairobi au Dar es Salaam, kisa kama hicho hakihitaji mkalimani. Wadogo wamenuna, kura imepigwa, mkubwa amepita, watu wamerudi majumbani. Wachambuzi wengi waliishia hapo, wakasema klabu ndogo zimekubali yaishe.

Mimi naona zilisomwa vibaya. Mshahara ulikuwa njiti ya kiberiti tu. Kuni zilikuwa zimekauka miaka mingi kabla yake. Kilichokuwa kikiziuma klabu za vijijini na miji midogo ni suala gumu kuliweka kwenye kichwa cha habari, nalo ni nani mwenye haki ya kuwapangia Jumamosi yao. Ligi ya chini ya kikanda, ile ya daraja la saba, la nane au la tisa, huendeshwa na walio juu kana kwamba ni kipande cha chini cha ngazi inayoelekea kwenye raga ya kulipwa. Wanaoicheza hawaioni hivyo. Kwao ni makubaliano ya majirani kwamba kuanzia Septemba hadi Aprili watakutana, watapigana mieleka kwenye matope kwa dakika 80, kisha watakula pamoja. Kosa hilo la tafsiri ndilo linalozimaliza ligi hizi, na sijui mahali linapoonekana waziwazi kuliko kaunti ya Cornwall.

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana kura ya Machi ina pacha wake. Septemba 1893 wajumbe wa Yorkshire walipeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa RFU kwamba mchezaji anayeacha kazi ili akacheze afidiwe ujira anaoukosa. Wachezaji wa kaskazini walikuwa watu wa migodini na viwandani, na kupoteza ujira wa siku kulimaanisha nyumba kukosa mkate. Hoja ilianguka kwa kura 282 dhidi ya 136. Ukizilinganisha kura hizo na zile za 2025 utaona uwiano unaokaribiana, takriban wawili kwa mmoja. Mwaka 1893 pia walioshinda walidhani mambo yamekwisha. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zilikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, zikajitoa na kuanzisha chama chao, ambacho baadaye kilizaa mchezo mwingine kabisa, raga ya wachezaji 13. RFU iliyokuwa na klabu 481 mwaka 1893 ilibaki na 244 kufikia 1903.

Mgawanyiko ule uliiachia RFU hofu ya karibu karne nzima, nayo ilikuwa hofu ya ligi. Mantiki yao ilikuwa kwamba ligi huvuta watazamaji, watazamaji huleta fedha za kiingilio, na fedha zikishaonekana wachezaji hudai sehemu yao. Kwa hiyo, wakati soka ya Uingereza ilikuwa na ligi tangu 1888, klabu za raga ziliendelea kucheza mechi za kualikana tu. Katibu wa klabu alikaa mezani na kalamu, akaandika barua kuomba mechi ya Oktoba mwaka ujao, na klabu kubwa ikajibu ikitaka, isipotaka ikanyamaza. Mashindano ya kombe kwa klabu yalianza msimu wa 1971-72, yakafuatiwa na majedwali ya kupima klabu zilizokubali kupimwa. Hatimaye mwaka 1987, kwa udhamini wa kampuni ya bia ya Courage, zaidi ya klabu 1,000 ziliingizwa kwa mkupuo kwenye mfumo mmoja wa madaraja, kuanzia Leicester waliochukua ubingwa wa kwanza juu kabisa hadi timu za vijiji ambavyo hata ramani nyingine hazivionyeshi.

Cornwall iliingia kwenye mfumo huo na historia yake mkononi. Ni rasi iliyochongoka kusini magharibi mwa Uingereza, imezungukwa na bahari pande mbili, na upande wa tatu mto Tamar unaitenga na kaunti jirani ya Devon. Ilikuwa nchi ya bati na shaba. Redruth walianza raga mwaka 1875 na Camborne mwaka 1878, miji miwili ya wachimba migodi iliyo umbali wa kilomita chache tu, na mechi yao ya tarehe 26 Desemba bado inajaza watu uwanjani kila mwaka. Hapa raga haikuwa mchezo wa shule za matajiri. Mwaka 1908 Cornwall iliifunga Durham na kutwaa ubingwa wa kaunti, na kwa sababu hiyo kaunti hii moja ndiyo iliyoiwakilisha Uingereza yote kwenye Olimpiki ya London. Ilifungwa 32-3 na Australia, ikarudi na medali ya fedha. Miaka 83 ilipita kabla ya kuubeba ubingwa wa kaunti tena, mwaka 1991, pale makumi ya maelfu ya watu walipohamia Twickenham, uwanja mkuu wa raga jijini London, kwa siku moja wamevaa nyeusi na dhahabu na kuiona timu yao ikiishinda Yorkshire 29-20 baada ya muda wa nyongeza. Wazee wa Cornwall wanaielezea siku ile kama watu wetu wanavyoelezea siku ya uhuru.

Nimeutaja mwaka 1991 kwa sababu ulikuja miaka minne baada ya ligi kuanza, na kwa maoni yangu lilikuwa wimbi kubwa la mwisho. Mfumo mpya ulibadilisha uaminifu wa mchezaji. Awali kijana wa St Just au Helston alipanda kupitia kaunti. Akivaa jezi ya Cornwall, anaonekana. Baada ya 1987 njia ikawa klabu, na mechi ya kaunti ikaanza kuonekana kama kero inayomchosha mchezaji kabla ya mechi ya ligi. Hilo ni jambo ambalo ngazi ililichukua, na ni haki kulisema kabla sijasema ilichotoa.

Maana ilitoa. Cornwall ilipewa ligi mbili za kaunti, ya Kwanza na ya Pili. Bingwa alipanda kwenda ligi ya pamoja na Devon, kutoka hapo hadi kaunti za magharibi, kisha kanda nzima ya kusini magharibi. Kwa mara ya kwanza klabu kama Stithians, Illogan Park au Lankelly-Fowey haikuhitaji hisani ya mtu ili kupata mechi. Ilikuwa na ratiba, ilikuwa na msimamo uliochapishwa, na ilikuwa na haki. Penzance & Newlyn ndio mfano mkubwa. Kwa mfumo wa barua wasingefika popote. Kwa mfumo wa madaraja walipanda hadi daraja la pili la taifa mwaka 2003, wakabadili jina na kuwa Cornish Pirates, wakatwaa kombe pale Twickenham mwaka 2007 kwa kuwafunga Exeter, na mwaka 2011 na 2012 wakacheza fainali za kuwania ubingwa wa daraja hilo. Anayesema ligi zifutwe turudi kwenye barua amesahau jinsi barua zile zilivyokuwa hazijibiwi. Namheshimu anayeukumbuka ujirani wa zamani, lakini ujirani ule ulikuwa na mageti, na funguo zilikaa kwa wachache.

Tatizo ni kwamba ngazi hudai kila kipande kipimwe kwa namna moja, yaani nani kapanda, nani kashuka. Kupanda, kwa klabu ya Cornwall, ni kuongeza kilomita. Timu ya Penzance ikicheza ndani ya kaunti, safari yake ndefu kabisa ni ya Bude, kilomita mia na kitu. Ikipanda madaraja mawili matatu inajikuta ikienda Bristol, zaidi ya kilomita 300 kwenda tu. Fundi bomba anayecheza namba nane hawezi kuondoka saa moja asubuhi na kurudi saa tano usiku kila wiki ya pili, mke na watoto wakimngoja. Atakwenda mara tatu, mara ya nne ataanza kutafuta sababu. Klabu inasafiri na watu 15 kamili bila akiba, inafungwa pointi 60, inashuka, na ikishashuka waliovunjika moyo hawarudi. Nimeliona hilo likitajwa kama udhaifu wa klabu yenyewe, kana kwamba haikujipanga, ilhali hesabu ya kilomita imekaa ndani ya mfumo.

Nilipokuwa nikiishi Plymouth nilivuka Tamar Jumamosi moja ya Februari kutazama mechi ya ligi ya kaunti. Wageni walifika na watu 13, na kati yao hakuna wa kutosha waliofundishwa kucheza mstari wa mbele kwenye skramu, pale wachezaji wa pande mbili wanaposhikamana na kusukumana kugombea mpira. Mwamuzi alisimama katikati ya manahodha wawili, mvua ikipiga ubavuni, wakaongea kama dakika tano. Wenyeji wakatoa vijana wawili. Mmoja alikuwa hajafika hata miaka ishirini. Alivua jezi yake, akapewa ya wageni iliyombana mabegani kiasi cha kushindwa kunyoosha mikono, akaingia kuwakaba rafiki zake mwenyewe kwa dakika 80. Skramu zikachezwa bila kusukumana. Baadaye jikoni mama mmoja aliwapakulia wote sahani moja moja, na yule kijana akakaa meza ya wageni. Kwa akili ya ngazi, wenyeji walipaswa kuchukua ushindi wa mezani na kulinda nafasi yao. Wao walichagua mechi ichezwe. Sijawahi kuona maelezo bora zaidi ya ligi ya chini ni kitu gani.

RFU haikulala usingizi wote huu, na lazima niseme hivyo. Msimu wa 2019-20 ulikatizwa na korona Machi, uliofuata haukuchezwa kabisa, na uongozi ulitumia kipindi hicho kupanga upya. Kuanzia msimu wa 2022-23 madaraja yakachorwa upya: ligi za kanda, kisha ligi za kaunti zenye namba, moja, mbili, tatu na kuendelea, kwa lengo la kupunguza safari na kupunguza mechi. Kanuni ziliruhusu pia timu zikubaliane kucheza zikiwa pungufu ya watu 15. Nia ilikuwa njema na baadhi ya klabu zilinufaika. Lakini mchoro ulitoka juu, na kanuni ya kupanda na kushuka ikabaki ndiyo uti wa mgongo. Mwaka huohuo wa kuanza mfumo mpya haujaisha, Januari 2023 uongozi ukatangaza kwamba wachezaji wa ridhaa watakabana kuanzia kiunoni kwenda chini. Usalama wa vichwa vya watu ni jambo la maana na sipingi hata kidogo. Ila klabu zililisikia kwenye habari kama kila mtu, zikachachamaa, uongozi ukaomba radhi na kusogeza mpaka hadi chini ya mfupa wa kifua. Mtu aliyehesabu matukio haya kimoja baada ya kingine hakushangaa kuona kura 206.

Sasa, hoja za upande wa pili. Iliyo nzito ni ya fedha. Timu ya taifa ya wanaume ikijaza Twickenham ndipo fedha zinapatikana za kulipia waamuzi, makocha wa vijana na ruzuku za viwanja, na bila kilele hicho hakuna kitakachoteremka. Nakubali. Wanaodhani kaunti zinaweza kujitegemea kwa kuuza chai na bahati nasibu wanajidanganya. Hoja ya pili ni kwamba upungufu wa wachezaji hausababishwi na muundo wa ligi bali na maisha. Vijana wa Cornwall wanaondoka kwenda vyuo na kazi, nyumba za pwani zimepanda bei hadi wazawa hawazimudu, ajira nyingi za utalii zinataka watu Jumamosi, na wazazi wanaogopa majeraha ya kichwa. Hata hilo ni kweli, na ndiyo sababu Ligi ya Pili ya Cornwall ilipungukiwa timu hata kabla ya korona. Lakini ukiwa na watu wachache, namna unavyowatumia ndiyo inayoamua kama watabaki. Kijana anayefanya kazi hotelini anaweza kuombewa ruhusa ya saa tatu kwenda kucheza mji wa jirani. Hawezi kuombewa siku nzima. Maisha yamebana, na muundo ukabana palepale.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo husemwa kwa kujiamini mno, ni kwamba ligi hizi zinakula fedha na hazizalishi kitu kwa mchezo wa juu, kwa hiyo zikifa acha zife. Hebu tuikumbuke fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 22 Novemba 2003 pale Sydney, siku Uingereza ilipoifunga Australia 20-17. Kati ya watu watatu walioanza mstari wa mbele wa Uingereza, wawili walijifunza raga kwenye viwanja vidogo vya Cornwall: Phil Vickery, aliyekulia shambani na kuanzia Bude kabla ya Redruth, na Trevor Woodman wa Liskeard-Looe. Miaka minne baadaye Vickery alikuwa nahodha kwenye fainali nyingine. Jack Nowell ni mtoto wa nahodha wa meli ya uvuvi wa Newlyn; yeye na Luke Cowan-Dickie, naye wa Cornwall, walikuwemo kwenye kikosi cha Exeter kilichokuwa mabingwa wa Ulaya mwaka 2020. Watoto hawa walipoanza hakuna aliyejua watafika wapi. Walikuta uwanja wazi, mpira, na watu wazima waliokuwa na mechi Jumamosi ile. Ukizima ligi ya watu wazima, klabu inapoteza baa yake, ikipoteza baa inapoteza fedha za kukata nyasi, na timu ya watoto ya Jumapili inakosa pa kuchezea. Hapo atakayewahesabia vijana wa mstari wa mbele wa baadaye atafute kaunti nyingine.

Na kuna ukweli mwingine ambao watetezi wa ngazi hawaupendi. Juu kwenyewe imefungwa. Exeter walipanda Ligi Kuu mwaka 2010 na kuwa mabingwa mwaka 2017, na hadithi yao hutajwa kila mara kuthibitisha kwamba njia iko wazi. Lakini hadi kura ile ya Machi 2025 inapigwa, hakuna klabu iliyokuwa imepanda kuingia Ligi Kuu tangu Saracens waliporejea mwaka 2021. Vigezo vya uwanja na fedha vilizuia wengine, kama ambavyo uwanja wa Mennaye wa Penzance haukukidhi vigezo Pirates walipokuwa moto. Jersey walikuwa mabingwa wa daraja la pili mwaka 2023, hawakupanda, na Septemba ya mwaka huohuo wakafilisika. Worcester, Wasps na London Irish walianguka kutoka Ligi Kuu yenyewe kati ya 2022 na 2023. Hata Pirates wenyewe walisimama kwa miaka mingi juu ya mfuko wa mtu mmoja, Dicky Evans, mtu wa Cornwall aliyetajirika Kenya kwa biashara ya maua na mboga. Msomaji wa Naivasha anapaswa kulijua hilo: sehemu ya jasho la mashamba ya nchi yake ililipia mishahara ya wacheza raga wa Penzance. Namshukuru Evans kwa mapenzi yake, lakini ngazi ambayo kipande chake cha pili kutoka juu kilishikiliwa na mfuko wa mtu mmoja haiwezi kuwa sababu ya kumsafirisha fundi bomba kilomita 600 kwa siku.

Kama kura ile ilihusu Jumamosi, na naamini hivyo, basi majibu yake yako kwenye ratiba zaidi ya kwenye ofisi ya mkurugenzi. Cornwall iachiwe ichore ligi yake yenyewe: klabu nane au tisa zikitosha, zicheze nane au tisa, badala ya kutafutiwa mtu wa kujaza nafasi kutoka ng'ambo ya Tamar. Kupanda daraja kuwe ombi, siyo amri. Klabu inayotaka kujaribu njia ya Pirates ipewe nafasi, na inayotaka kubaki na majirani zake ibaki bila kuadhibiwa. Na kaunti ipimwe kwa idadi ya mechi zilizochezwa kweli. Ushindi wa mezani leo huandikwa kwenye msimamo kama pointi za kawaida, ukausoma usijue kwamba siku ile hakuna mtu aliyegusa mpira. Ningependa uandikwe kama hasara ya ligi nzima, uongozi uulizwe kila mwezi umekuwa na mangapi.

RFU inaweza kujiliwaza kwamba waliopiga kura 206 hawana pa kwenda, na ni kweli. Klabu za kaskazini za 1895 zilikuwa na viwanda nyuma yao na maelfu ya watu malangoni. Ziliweza kukodi chumba hotelini na kutoka na chama kipya. Klabu ya daraja la nane ya mwaka huu haina umati wala tajiri. Kura zote za Machi, ukijumlisha na za wasioegemea upande, zilikuwa 708, katika chama kinachojihesabia klabu zipatazo 2,000. Zilizobaki hazikusema neno, na klabu ndogo ikichoka haigombani na mtu. Nahodha hutuma ujumbe Ijumaa saa nne usiku kwamba amepata watu tisa tu, na wenyeji, ambao tayari wamekwishachora mistari ya chokaa na kuagiza chakula cha watu 40, humjibu kwamba wameelewa.